King'amuzi Kisichoonekana: Kompyuta Kuukuu na Mikanda ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Mwembesongo, na vivyo hivyo katika kata nyingine za manispaa ya Morogoro, utaikuta kompyuta kuukuu imewekwa juu ya meza sebuleni na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Yawezekana ilinunuliwa kwa muuza mitumba, ikiwa imekwisha kufanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya kabla ya kuvuka bahari. Au yawezekana ni ya kijana aliyerudi kutoka chuoni akaiacha nyumbani. Vijana huitumia kuandika barua za kuomba kazi, wadogo hujisomea masomo yao, na jioni moja moja jamaa hukusanyika mbele yake kutazama mikanda ya harusi, ya maulidi na ya mawaidha. Kisha siku moja huletwa mkanda mpya kutoka katika simu, na baba akibonyeza ili autazame haoni kitu. Sauti za wageni zasikika wakicheka na vigelegele vyapigwa, lakini kioo ni cheusi kama usiku wa masika.

Hapo hukumu hutolewa upesi. Wengine husema kompyuta imekufa, wakaiuza kwa bei ya kutupa. Wengine humwamuru kijana akatafute dawa katika intaneti, naye hurudi na balaa kubwa kuliko maradhi. Wengine huutia mkanda katika flashi wakaupeleka kwa fundi wa kibandani, ambaye hawamjui wala yeye hawajui wao. Njia zote tatu zaweza kuepukwa, maana aghalabu kompyuta ile si mgonjwa hata kidogo. Imekuwa kama mtu mzima mwenye akili timamu anayesemeshwa lugha asiyopata kufundishwa.

Msomaji atakumbuka tarehe 31 Desemba 2012, pale mitambo ya zamani ya kurushia matangazo ya televisheni ilipozimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa zamu. Televisheni za watu hazikuharibika siku ile. Vioo vyake vilikuwa vizima na spika zake nzima. Illa matangazo yalianza kusema lugha mpya, na televisheni hazikuwa na mtu wa kuzifasiria. Ndipo kila nyumba ilipotafuta king'amuzi, kile kisanduku kidogo kinachopokea lugha mpya na kuigeuza iwe ile ambayo televisheni ya zamani yaifahamu. Basi ndani ya kila kompyuta na kila simu mna ving'amuzi vya namna hiyo, tofauti yake ni kwamba havishikiki kwa mkono, kwa kuwa ni maandishi ya programu tu. Mafundi huviita kodeki, neno lililoungwa kutokana na maneno mawili ya Kiingereza, moja la kufumba na moja la kufumbua. Anayerekodi hufumba, na anayetazama hufumbua.

Kwa nini basi video ifumbwe? Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu hii yaeleza mambo mengi. Picha moja ya video ya kisasa iliyo ya kawaida ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kwenda juu, jumla vitone 2,073,600. Kila kitone chahitaji baiti 3 za rangi, na kila sekunde moja hupita picha 25. Ukizidisha utaona kwamba sekunde moja yadai megabaiti 155, na saa moja yadai gigabaiti karibu 560. DVD ya kawaida huchukua gigabaiti 4.7 tu. Kwa hiyo mkanda wa saa moja wa harusi, kama usingefumbwa, ungehitaji DVD zipatazo 120, na bwana harusi angehitaji gari la kuzibebea.

Wataalamu wakatafuta hila. Waliona kwamba ukuta ulio nyuma ya bibi harusi hausogei, kwa hiyo hapana haja ya kuuandika upya mara 25 kila sekunde. Yatosha kuandika kile kilichobadilika. Hila hii imekuwa ikinolewa kizazi baada ya kizazi. Zile CD za video zilizoenea mitaani kwetu miaka ya 2000, ziitwazo VCD, zafuata kanuni iliyotolewa mwaka 1993 na zatumia lugha ya MPEG-1. DVD zikaja na MPEG-2. Mwaka 2003 ikatoka H.264, ambayo hata leo ndiyo lugha inayofahamika na vyombo vingi kuliko nyingine. Mwaka 2013 ikatoka H.265, iitwayo pia HEVC, ambayo huweza kuhifadhi picha ya ubora ule ule kwa takribani nusu ya nafasi. Lakini kila lugha inayofumba kwa ufupi zaidi hudai nguvu nyingi zaidi katika kufumbua. Kompyuta iliyoundwa mwaka 2007 haikuweza kufundishwa kiwandani lugha iliyozaliwa mwaka 2013, na hata ikifundishwa baadaye huisema kwa kuhema.

Hii ndiyo siri ya kioo cheusi. Tangu mwaka 2017 simu za iPhone mpya za wakati huo zilianza kurekodi kwa HEVC pasipo kuulizwa, na simu nyingi nyingine nazo zaweza kufanya hivyo zikiamriwa. Mgeni hufika harusini na simu ya bei kubwa, hurekodi, kisha huwaachia wenyeji faili lake kwa ukarimu. Kompyuta ya nyumbani hulipokea, huusoma upande wa sauti kwa kuwa lugha ya sauti yaijua, na kwa upande wa picha hunyamaza.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Mkanda ule ule ukitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida wafunguka vizuri katika kompyuta kuukuu, na ukihamishwa kwa waya moja kwa moja kutoka simuni haufunguki. Wengine hudhani waya una ila. Sababu yake ni kwamba WhatsApp, kabla ya kutuma video, huifumba upya kwa lugha inayojulikana na wengi na kuipunguza ukubwa. Umepata picha inayofunguka, lakini umepoteza sehemu ya uzuri wake, na ukiukuza uso wa mama katika picha ile utauona umefifia. Kwa kumbukumbu ya miaka mingi twaona si busara kuiridhia nakala ya WhatsApp peke yake.

Kosa lingine ni kudhani kwamba jina la mwisho la faili latosha kueleza yaliyomo. Mtu husema, "Faili hili ni MP4 na lile ni MP4, mbona moja lafunguka na lingine halifunguki?" Nasi twamwomba aende Soko Kuu la Chifu Kingalu asubuhi, atazame mazao yanayoshuka kutoka milima ya Uluguru. Ataona matenga yanayofanana. Moja lina ndizi, moja lina mafenesi, moja lina mboga. Tenga halikuambii kilichomo mpaka ufunue majani. MP4, AVI, MKV na MOV ni matenga. Ndani ya tenga la MP4 mwaweza kuwa na picha za H.264 au za HEVC, na kando yake sauti ya namna hii au ile. Kwa hiyo kulibadili jina faili kutoka MOV kuwa MP4, kama vijana wafanyavyo, ni kuandika "ndizi" juu ya tenga la mafenesi.

Kutambua maradhi kabla ya dawa

Ikiwa sauti yasikika na picha haionekani, king'amuzi cha picha hakipo. Ikiwa picha yaonekana na sauti haisikiki, na umehakikisha kwamba spika ni nzima, basi ni king'amuzi cha sauti kilichokosekana. Ama picha ikiwa yaonekana lakini yakwamakwama, midomo yasema na maneno yaja nyuma, hapo king'amuzi kipo. Kilichopungua ni nguvu za kompyuta, na kuongeza kodeki juu ya kodeki hakutasaidia kitu. Picha ikitoka na rangi ya kijani kibichi au miraba miraba tangu mwanzo hadi mwisho, mara nyingi ugomvi uko baina ya programu na kifaa cha michoro cha kompyuta. Na faili likikataa kabisa kufunguka, hapana picha wala sauti, yafaa kushuku kwamba faili lenyewe ni bovu au halikumalizika kunakiliwa. Linganisha ukubwa wake na ule wa faili lililoko simuni. Vikitofautiana, nakili upya.

Katika dawa zote tutaanza na moja, kwa kuwa yatibu sehemu kubwa ya maradhi haya bila gharama. Nayo ni programu iitwayo VLC. Asili yake ni kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris nchini Ufaransa, walioianza mwaka 1996. Na mwaka 2001 programu ikatolewa bure kwa watu wote, pamoja na maandishi yake ya ndani ili anayetaka kuyachungua ayachungue. Fadhila yake ni kwamba hubeba ving'amuzi vyake yenyewe, wala haiombi vile vya Windows. Toleo lake la 3, lililotoka mwaka 2018, hufanya kazi hata katika Windows XP na Windows 7. Kinyume chake, katika Windows 10 na 11 kampuni ya Microsoft huuza king'amuzi cha HEVC kwa bei kama ya dola 1 ya Marekani; fedha si nyingi, lakini hulipwa kwa njia za benki ambazo si kila nyumba inazo, na kwa Windows 7 nyongeza hiyo haipo kabisa.

VLC ikiisha kuwekwa, fungua mkanda wako kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Utaletewa ukurasa unaotaja picha imefumbwa kwa lugha gani na sauti kwa lugha gani, ukubwa wa picha, na idadi ya picha katika sekunde. Haya ndiyo majani ya tenga yaliyofunuliwa. Ukisoma hapo kwamba picha ni HEVC ya 3,840 kwa 2,160, basi usijisumbue kuitazama kama ilivyo katika kompyuta ya Core 2 Duo yenye memori ya gigabaiti 2. Vitone vyake ni mara nne ya vile tulivyohesabu, na mashine ile haitavimudu hata ufanyeje.

Picha ikiwa ya H.264 na yakwama kidogo tu, ingia katika mipangilio ya VLC sehemu ya "Input / Codecs", utafute maneno yanayohusu kuruka "in-loop deblocking filter" ya H.264, uchague "All". Kompyuta itaacha kulainisha kingo za picha na itapata nafasi ya kupumua. Katika sehemu hiyo hiyo, kwa maradhi ya rangi ya kijani, tafuta "Hardware-accelerated decoding" uizime. Kisha funga programu na kuifungua tena.

Kodeki za uongo

Twarudi kwa kijana aliyeamriwa kutafuta dawa katika intaneti. Tangu mwaka 2005 wahalifu wametambua kwamba mtu mwenye hamu ya kutazama video hubonyeza chochote anachoambiwa. Katika mwaka huo kilijitokeza kirusi kilichopewa jina la Zlob, kilichojifanya kuwa kodeki. Mtu alifungua ukurasa, akaambiwa video haiwezi kuonekana mpaka apakue king'amuzi fulani, akapakua, kumbe amemfungulia mwizi mlango kwa mkono wake mwenyewe. Jina la kirusi kile limesahauliwa, lakini hila yake ingali ikitumika. Ukurasa wowote unaokuambia upakue kodeki ndipo uone, uufunge. VLC ichukuliwe videolan.org peke yake.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa kompyuta kuukuu. Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Na hata Windows 10 huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nyumba isiyotengenezwa ukuta wake haifai kuachwa wazi usiku. Afadhali VLC ipakuliwe katika kompyuta nyingine iliyo salama, iletwe kwa flashi, na ile kuukuu iachwe ikae bila intaneti ikifanya kazi yake ya mikanda.

Ama kuhusu kibanda cha fundi, hatuwatuhumu mafundi wote. Wengi wao ni watu waaminifu wanaotafuta riziki ya halali. Lakini tutazame kilichomo katika flashi ile. Mikanda ya shughuli za harusi si yote ya kuonwa na kila mtu. Mna kesha la hina, mna bibi harusi katika chumba cha wanawake, mna akina mama na mabinti waliokuwa wamejiachia kwa kuwa hapakuwa na mwanamume asiye maharimu wao. Waliporekodiwa walimwamini mwenye simu. Hawakumwamini fundi, wala kijana anayekaa na fundi, wala kompyuta ya kibandani ambayo nakala ya faili hubaki ndani yake bila mtu kukusudia ubaya. Nakala ikibaki, siku moja yaweza kufika katika simu za watu, na ikifika hairudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka haki na wajibu katika mambo ya namna hii. Lakini sheria huja baada ya sitara kuvuliwa. Mama wa nyumba akijua kwamba kazi yenyewe yaweza kufanywa na binti yake katika kompyuta ya sebuleni, nani atampeleka kibandani?

Kazi yenyewe ni hii. Katika VLC bonyeza Ctrl na R, ongeza faili, kisha chagua "Convert". Katika orodha ya namna za kufumba chagua ile iliyoandikwa H.264 na MP3 katika tenga la MP4. Bonyeza alama ya spana iliyo kando, na katika sehemu ya ukubwa wa picha andika kimo cha 720. Ipe nakala jina jipya, lisifanane kamwe na la kwanza, kisha anza. Usikae kuingojea. Kompyuta kuukuu yaweza kutumia saa nyingi kwa mkanda wa saa moja, kwa maana yafumbua lugha moja ngumu na wakati huo huo yafumba nyingine. Ianzishwe baada ya Isha, iangaliwe asubuhi, na yafaa mtu autazame salio la LUKU kabla ya kwenda kulala. Ikiwa katika jamaa yupo mwenye kompyuta mpya naye ni mtu wa nyumbani, kazi hiyo hiyo kwake itakwisha kwa muda mfupi zaidi.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuizuia taabu isitokee. Siku ya shughuli mwenye iPhone aombwe aingie katika mipangilio ya kamera, sehemu ya "Formats", achague "Most Compatible". Simu itarekodi kwa H.264. Faili litakuwa kubwa zaidi, lakini litafunguka kwa bibi na kwa mjukuu.

Kuna ajali moja ambayo si ya kodeki, ingawa hudhaniwa kuwa ndiyo. Kamera au simu ikizimika ghafla katikati ya kurekodi, kwa betri kwisha au memori kadi kuchomolewa, mara nyingi faili la MP4 hukataa kufunguka kabisa. Simu nyingi huandika orodha ya yaliyomo mwishoni, baada ya mtu kubonyeza kitufe cha kumaliza. Kurasa zote za kitabu zipo, lakini fahirisi haikuandikwa, wala VLC haiwezi kujua sura ipi yaanzia wapi. Usilifute faili hilo. Ipo programu ya bure iitwayo untrunc, ambayo hupewa faili lingine zima lililorekodiwa na simu ile ile kwa mipangilio ile ile, ikajifunza kwalo jinsi ya kuiandika upya fahirisi iliyopotea. Si kila mara hufaulu; lakini ikiwa mkanda ni wa mzee aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, na ndio mara yake ya mwisho kuomba dua mbele ya wajukuu, nani hatajaribu?

Na hapa ndipo twaona thamani ya kompyuta kuukuu ambayo watu wataka kuiuza. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na kwa nyumba nyingi kumbukumbu ya kwanza yenye picha za kutembea ni VCD iliyochomwa na mpiga picha wa harusi miaka ishirini iliyopita. Kompyuta mpya za kupakata aghalabu hazina mahali pa kutia CD. Kompyuta kuukuu inapo. Katika mtaa mzima yaweza kuwa ndiyo mashine ya pekee iliyobaki ya kuzisoma diski zile, na diski nazo hazitangoji milele, kwa sababu zilizochomwa huhifadhi maandishi yake katika dawa ya rangi ambayo hufifia kwa joto na mwanga.

Diski ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, wala isizungushwe. Ukiifungua VCD ndani ya kompyuta utakuta folda iitwayo MPEGAV, na ndani yake faili lenye jina kama AVSEQ01.DAT. Usibabaishwe na jina hilo. Ni video, na VLC huifungua. Katika DVD folda yake ni VIDEO_TS, nayo mikanda imekatwa vipande vinavyoishia na VOB, kila kimoja kisichozidi gigabaiti 1. Nakili vyote kwanza katika kompyuta, kisha katika flashi mbili, moja ikae nyumbani na moja kwa ndugu mwaminifu aliye mji mwingine. Kompyuta ikinguruma na kukwama juu ya diski iliyokwaruzika, itoe, ipumzishe, ijaribu tena siku nyingine. Wala diski yenyewe isitupwe mpaka mtu amekaa akaitazama nakala yote, tangu bismillahi ya mwanzo hadi wageni wanapoagana mlangoni.